Usitupe Ile Kaseti!

Ndugu msomaji, mbele ya kuendelea kusoma, inama kidogo uangalie ndani ya sanduku la mabati pale chini ya kitanda. Kuna kaseti humo? Moja ao mbili, zisizo na kifuniko, maandiko ya biki yamefutika, na watoto wamevuta utepe inje? Usizitupe. Nitakueleza kwa nini, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache imepita, kijana mmoja alikuja kunitafuta nyumbani, hapa Butembo. Ninasema kijana, lakini ni baba wa watoto watatu na umri wake umepita miaka thelathini. Kazi yake ni kuchimba dhahabu upande wa Manguredjipa, kama baba yake zamani. Alitoa mfukoni kitambaa kilichofungwa mafundo mawili. Nikafikiri ananionyesha dhahabu, nikaanza kutayarisha mashauri yangu juu ya wanunuzi wenye mizani ya uongo. Kumbe ilikuwa kaseti. Akasema: "Pasta, baba yangu iko humu ndani."

Ninyi wa umri wetu mnakumbuka. Wakati ule wa Zaïre posta ilikuwa imekufa, na simu ya mkononi haikuwa bado. Mtu aliyekwenda kutafuta dhahabu alituma barua kwa kaseti. Usiku anakaa mbele ya redio, anafinya vifungo viwili pamoja, kile chekundu na jirani yake, halafu anaanza kusalimia: mama watoto, watoto mmoja mmoja kwa majina, wakwe, majirani, hata mbuzi. Asubuhi anampa dereva wa lori ao mchuuzi anayerudi Butembo. Kaseti ikifika, nyumba nzima inakaa kuzunguka redio, na mama anawaambia watoto wanyamaze.

Baba wa kijana huyu aliondoka mwaka wa 1991, akimwacha bibi yake na mimba. Kaseti ilifika. Mwenyewe hakufika, maana shimo lilimwangukia. Mtoto alizaliwa nyuma. Mama alisikiliza ile kaseti mpaka redio ikaharibika, kiisha akaifunga katika kitambaa. "Mama anasema baba alitaja jina langu humo, mbele nizaliwe. Mimi sijasikia sauti yake hata siku moja."

Sasa sikieni kosa langu. Katika ofisi yetu kulikuwa redio-kaseti ya zamani, haijatumiwa miaka mingi. Kwa haraka ya kutaka kumfurahisha, nilitia kaseti ndani na kufinya. Tulisikia mchakacho, halafu mwanaume akasema maneno mawili ya salamu kwa Kinande. Kijana akashika meza. Mara moja sauti ikawa nzito, ikavutika kama mtu mwenye usingizi, ikazimika. Redio ilikuwa imekula utepe. Nilipofungua, utepe ulitoka umekunjamana kama majani ya chai. Nisingependa kuangalia tena uso wa mtu jinsi nilivyoangalia uso ule.

KASETI NI KITU GANI?

Tulikwenda kwa fundi wa redio, mzee aliyeanza kazi hiyo wakati wa Mobutu. Yeye hakutukaripia. Alifungua misumari mitano midogo ya kaseti, akatandika kitambaa cheupe, akatuonyesha.

Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba sana, upana wake haufiki milimita 4, na katika kaseti ya dakika 60 kuna urefu wa karibu metre 90. Upande mmoja umepakwa unga laini wa kutu ya chuma, umeshikwa na gundi. Unaposema mbele ya maikro, sauti yako inageuka umeme, na umeme unageuka nguvu ya sumaku inayopanga ule unga namna fulani. Utepe ukipita tena mbele ya kichwa cha redio, sentimita karibu tano kwa kila sekunde, mpango ule unarudi kuwa umeme, na umeme unarudi kuwa sauti. Ni hayo tu. Sauti ya marehemu ni unga wa kutu uliopangwa.

Kwa hiyo unaelewa adui zake. Joto la mabati linalegeza plastiki na gundi. Unyevu unaleta ukungu, ule mweupe kama wa muhogo mbaya. Sumaku ya spika kubwa inavuruga mpango wa unga. Na sisi wakristo tunapenda kupanga kaseti za kwaya juu ya spika kabisa! Na mpira wa redio ukizeeka, upande mmoja unavuta na mwingine haupokei, ndipo redio inakula utepe kama ilivyokula wa kwetu.

"Utepe kukunjamana si kufa," fundi alisema. "Unga ukibaki, sauti inabaki. Kama ungeendelea kufinya, hapo ungemwua." Aliomba siku nne. Nilirudi nyumbani na aibu yangu, nikaanza kusoma na kuuliza. Nikakuta kwamba wako watu waliotoa sauti ndani ya vitu vibaya kuliko kaseti yetu.

MOSHI WA TAA, NTA, NA PICHA

Unajua sauti ya mtu ya zamani kuliko zote zinazoweza kusikiwa leo iliandikwa juu ya nini? Juu ya moshi! Mfaransa mmoja, Édouard-Léon Scott de Martinville, alitengeneza mwaka wa 1857 chombo chenye unywele mgumu uliochora mitetemo ya sauti juu ya karatasi iliyopakwa masizi ya taa. Yeye hakutaka kusikiliza, alitaka tu kuona sura ya sauti. Edison wa Marekani alileta mashini ya kurudisha sauti miaka ishirini nyuma, 1877. Karatasi za Scott zilikaa kimya Paris mpaka mwaka wa 2008. Hapo Wamarekani wachache walipiga picha zenye ukali sana za karatasi moja ya tarehe 9 Aprili 1860, wakaacha kompyuta ifuate mstari ule kama sindano inavyofuata njia ya sahani ya muziki. Ikatoka sauti ya mtu akiimba wimbo mdogo wa watoto wa Ufaransa.

Lakini angalia. Mwanzo walisema ni sauti ya mwanamke ao mtoto. Mwaka uliofuata waligundua kwamba walikuwa wanaipiga mbio mara mbili. Walipoipunguza, ikawa mwanaume, pengine Scott mwenyewe, anaimba polepole. Shika neno hilo la mbio, tutalirudilia.

Nyuma ya moshi ikaja nta. Wasafiri wa Ulaya walibeba Afrika mashini za Edison na mitungi midogo ya nta, mfano wa kikombe kisicho na kitako. Mwimbaji anaimba mbele ya pembe ya bati, sindano inachimba njia katika nta. Msafara wa Wajerumani wa mwaka 1907 na 1908, ulioongozwa na mtu wa jamaa ya watawala wa Mecklenburg, ulipita Rwanda, Kivu, hata hapa Beni, na ndani yake kulikuwa Mpolandi Jan Czekanowski aliyeshika nyimbo za Rwanda katika nta. Mbelgiji Armand Hutereau alifanya vile katika Uele mwaka wa 1911 na 1912. Mitungi ya namna hiyo ilikwenda Berlin na Tervuren.

Shida ya nta ni hii: kila mara unapoisikiliza, sindano inakwangua kidogo. Kusikiliza ni kuharibu. Joto la kiganja linatosha kuipasua, na ukungu unaila. Wajerumani wa Berlin walitafuta njia yao: walifanya kalibu ya shaba juu ya nta, wakamwaga nta mpya ndani ya kalibu. Nta ya kwanza ilipotea katika kazi hiyo, lakini kalibu za shaba ziko mpaka leo, na tangu mwaka wa 1998 wanazitumia kurudisha sauti zile katika kompyuta.

Na mitungi isiyo na kalibu? Na sahani zilizopasuka? Hapa kuna kazi ya ajabu ya Carl Haber na mwenzake Vitaliy Fadeyev, wa maabara ya Berkeley katika California. Hao si watu wa muziki. Kazi yao ilikuwa kupima njia za vipande vidogo sana vya atomu, kwa vyombo vinavyoona kitu kidogo kuliko unywele. Haber alisikia katika redio kwamba rekodi za zamani za maktaba kubwa ya Washington zinaoza, hakuna anayethubutu kuzigusa. Akawaza: kwa nini kuzigusa? Tupime njia ya sindano kwa picha, sindano yenyewe ibaki mezani. Mwaka wa 2003 waliandika kwamba inawezekana. Mashini yao inaitwa IRENE. Sahani inapigwa picha nyingi sana za karibu. Kwa mtungi wa nta, ambamo sindano ilichimba kwenda chini na juu, mashini inapima hata kina. Kompyuta inaunganisha picha, inaziba mkwaruzo, inahesabu sindano ingetembea namna gani, na inatoa sauti. Hata sahani iliyovunjika vipande vinapangwa kama vigae vya chungu. Mwaka wa 2013 walisikilizisha watu sauti ya Alexander Graham Bell, yule wa simu, kutoka sahani ya karatasi ngumu na nta ya mwaka 1885 ambayo hakuna aliyejua tena kuipiga.

Huko huko California walipitisha katika mashini hiyo mitungi ya lugha za wenyeji wa kwanza wa nchi ile. Lugha nyingine kati ya hizo, hakuna mzee hata mmoja aliyebaki wa kuzisema. Wajukuu wanajifunza lugha yao kutoka kwa nta. Wewe kijana unayeona haya kusema Kinande ao Kipere mbele ya wenzako wa Goma, ufikiri kidogo hapo.

SAUTI ZA KWETU ZIKO WAPI?

Swali hilo liliniuma. Sauti za babu zetu wa Beni na Lubero ziko, lakini haziko kwetu.

Mwaka wa 1935 na 1936 msafara wa sinema wa Armand Denis na bibi yake Leila Roosevelt ulipita katika Kongo ya Wabelgiji, na rekodi zake zilitoka katika sahani huko Marekani. Kati ya zile kuna marimba za Wapere. Ndiyo, Bapere ile ile, sekta ya Manguredjipa! Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alikuja na gari, jenereta na mashini ya utepe. Jenereta aliiweka mbali kwa waya mrefu ili mngurumo wake usiingie katika nyimbo. Alishika Wanande, Wambuti, Wabira, Wabudu na wengine wa ukingo wa msitu wa Ituri. Mwaka wa 1954 alianzisha nyumba ya kuzitunza, ILAM, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda. Sehemu ya zile za Ituri zilitolewa upya katika CD.

Na tena, ninyi wa dhahabu, sikilizeni hili. Miaka ya 1950 Colin Turnbull alishika nyimbo za Wambuti karibu na Epulu, ng'ambo ya Mambasa. Mwaka wa 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili angani, Voyager 1 na Voyager 2, na katika kila kimoja waliweka sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti za dunia. Humo kuna wimbo wa wasichana wa Kimbuti wakitolewa ukumbini, haufiki dakika moja, kutoka katika rekodi za Turnbull. Dhahabu, kwa kuwa haishiki kutu. Juu ya kifuniko walichora hata mbio za kuizungusha, na waliweka sindano pamoja nayo. Watu wa NASA walijua kwamba sauti bila mbio yake ni bure. Kwa hiyo wasichana wa Ituri wanasafiri ng'ambo ya sayari zote katika dhahabu, na hapa chini hatuna hata nakala katika parokia.

Nyingine zimeanza kurudi. Mwaka wa 2014 watu wa ILAM walirudisha Kenya, kwa Wakipsigis, nyimbo ambazo Tracey alizishika kule mwaka wa 1950, na walikuta mmoja wa waimbaji bado mzima. Mwaka wa 2021 Ubelgiji uliwapa Wanyarwanda nakala za nyimbo zaidi ya 4000 zilizokuwa Tervuren. Siku zetu pia zitakuja, ninatumaini. Lakini zikija, nani atatuambia ni nani anayeimba? Katika rekodi nyingi za zamani wameandika kabila tu. "Marimba za Wapere." Mpere gani? Wa kijiji gani? IRENE inaweza kuondoa mkwaruzo. Haiwezi kumtambua mjomba wako.

Na wanaoweza kumtambua wanapungua. Tangu mwaka wa 2014 watu wa Oicha, Mbau na Eringeti wamekimbia mara ngapi? Tangu 2024 mauaji yamefika hata Bapere. Mtu akikimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na godoro. Kaseti inabaki ndani ya nyumba, na nyumba inachomwa. Mama mmoja aliyekimbilia Beni mjini aliniambia alipoteza kaseti kumi na mbili za kwaya ya bwana yake. Aliimba moja kwa kichwa, akasahau ubeti wa tatu, akacheka, akalia.

KWA FUNDI TENA

Siku ya nne tulirudi, safari hii na mama ya kijana. Fundi alikuwa ameunyoosha utepe polepole kwa kidole na kipande cha kitambaa cha pamba, bila moto. Hakukata hata kidogo. Alitoa magurudumu mawili katika nyumba ile ya zamani, akayatia katika nyumba ya kaseti nyingine nzima yenye misumari, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imejikunja kwa joto. Aliuzungusha utepe wote kwa biki, mbele na nyuma, ili usishikane. Alipangusa kichwa cha redio kwa alkoli na pamba, akajaribu redio ile kwanza kwa kaseti isiyo na maana. Ningefanya hilo tu siku ile ya kwanza!

Mtu asikudanganye utie kaseti katika tanuru. Iko kazi kama hiyo ya kukausha kanda fulani kubwa za redio, za miaka ya 1970 na 1980, ambazo gundi yake imevuta maji, lakini wanaofanya wana chombo cha kupima joto, na kuna kanda nyingine ambazo joto linaziua kabisa. Ukiona ukungu, usipige. Weka fasi pakavu penye hewa, upeleke kwa anayejua.

Waya mdogo ulitoka katika tundu la kusikilizia la redio ukaingia katika kompyuta ya mtoto wa fundi. Programu yao ni Audacity, haiuzwi, unaichukua bure. Kijana yule alinieleza kwamba anapitisha kaseti mara moja tu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na anaitunza kwanza vile ilivyo, chafu, katika faili kubwa la WAV. Kusafisha anafanya juu ya nakala. Anaonyesha kompyuta sekunde chache ambamo hakuna mtu anayesema, mvumo peke yake, na kompyuta inapunguza mvumo huo kila mahali. Ukizidisha, mtu anasema kama yuko ndani ya pipa la maji. Ni vizuri kuacha mchakacho kidogo.

Sauti ikatoka. Salamu, mvua juu ya turubai, wanaume wengine wanacheka nyuma, kikohozi. Mama alipojua kikohozi alishika mdomo. Pale redio yangu ilipokula utepe palikuwa shimo la sekunde kama mbili, mvumo mtupu. Na kadiri ilivyoendelea, sauti ilipanda, ikawa nyembamba na ya mbio, mpaka mwishoni ilikuwa kama ya mtoto wa shule.

"Huyu si yeye," mama alisema. "Sauti yake ilikuwa nzito."

Fundi akapiga meza. Mawe ya redio! Kule kambini mawe yalikuwa yanakwisha usiku ule, redio ikashika sauti polepole, polepole zaidi. Ukiipiga kwa umeme mzuri, inakimbia. Ni kosa la wale wa moshi wa Scott, lile lile. Scott alichora kando ya wimbo wake mtetemo wa uma wa chuma, na kwa huo walipima mbio. Sisi hatukuwa na uma. Tulikuwa na mama.

Mtoto wa fundi alipunguza kidogo kidogo, kipande kwa kipande, na mama akisema "bado," "bado," "hapana, umepita, rudi," kama mtu anayepima chumvi. Ilichukua alasiri nzima na umeme ulikatika mara moja. Mwisho akafunga macho, akasema: "Hapo."

Jina lilikuwa karibu na mwisho, katika sehemu ile ya mawe yaliyochoka. Baba alisema kama ni mwanaume aitwe hivi, akalirudia mara mbili, akasema na sababu, ambayo ni ya jamaa ile na sitaiandika hapa. Kijana aliomba wairudishe. Wakarudisha. Alitoka inje akasimama barabarani kati ya pikipiki, kisha akaingia.

Niliwaomba msamaha juu ya shimo la sekunde mbili. Mama akaniambia: "Pasta, pale alikuwa ananiita mimi. Ninajua alisema nini." Na kila walipoipiga tena tangu mwanzo, ilipofika pale penye mvumo, yeye alisema maneno yale kwa sauti ndogo, kwa kipimo kamili, halafu bwana yake akaendelea.

Kijana alinunua kadi tatu za memori. Moja aliiacha kwa mama, moja aliituma Beni kwa dada yake mkubwa, na ya tatu alirudi nayo Manguredjipa, imefungwa katika kitambaa kile kile.